Kalunguyeye ameweka kiota bustanini kwetu. Tumlinde vipi bila kumsumbua?

MamaMiche (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa.

Jioni hii nilikuwa naondoa majani makavu chini ya ua wa miti nyuma ya nyumba. Nikaona sehemu moja ya lundo inapanda na kushuka, na upepo hakuna. Nikaweka reki chini, nikapiga magoti, nikasogeza majani mawili matatu ya juu kwa kidole. Kumbe ndani kuna kalunguyeye. Amelalia ubavu, miiba imelala, tumbo lina manyoya meupe, pua kaificha kwenye miguu ya mbele. Aliponinusa akafoka mara moja, ngozi ya paji la uso ikashuka hadi machoni na miiba yote ikasimama. Nikarudisha majani palepale nikaondoka.

Kiota chenyewe ndicho kilichonishangaza zaidi. Nilidhani mnyama anajichimbia tu kwenye takataka. La hasha. Majani yamepangwa bapa, moja limelalia jingine, yameshikamana kiasi kwamba mvua ilinyesha mchana kutwa na tabaka la ndani ni kavu kabisa. Katikati kuna nyasi laini.

Nimeshaamua kwamba upande ule wa bustani haufyekwi wala haufagiliwi, na mbwa wetu anafungwa jua likizama. Sitaki kumfuga wala kumweka kwenye boksi. Nataka akae alipo, alee kama ana watoto, aondoke siku akitaka mwenyewe. Naomba wenye uzoefu mniambie: nini kinaweza kumdhuru hapa nyumbani ambacho mimi sikioni? Na nitajuaje kama ana watoto bila kufunua tena?

Kijana_Mchangamfu

Hongera sana mama, hiyo ni baraka kwenye bustani. Mwekee kisahani cha maziwa na vipande vya mkate pembeni, atazoea haraka.

TabibuWaWanyama

Ndugu yangu hapo juu, najua umesema kwa nia njema, lakini hilo la maziwa naomba tulizuie mapema kabla halijasomwa na wengi.

Kalunguyeye hawezi kumeng'enya vizuri sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Atayanywa, tena kwa pupa, ndiyo maana watu wengi wanaamini yanamfaa. Baadaye anaharisha, na mnyama mdogo kiasi hicho hana maji mengi mwilini ya kupoteza. Mkate nao unamjaza tumbo tu. Mama Miche, weka maji safi kwenye chombo kifupi, kizito, kisichopinduka, na uyabadilishe kila siku. Hiyo ndiyo zawadi kubwa unayoweza kumpa, hasa wakati wa kiangazi.

Chakula anajua kujitafutia: mbawakawa, viwavi, jongoo, nyungunyungu, mchwa, konokono, mara mojamoja yai la ndege anayetaga chini. Ukiona ardhi imekauka sana na wadudu wamepotea, unaweza kumwekea jioni kiasi kidogo cha chakula cha paka kilichotengenezwa kwa nyama, kisha ukiondoe asubuhi kisije kikavuta panya na siafu. Usimpe karanga, alizeti, wala wale mabuu waliokaushwa wanaouzwa kwa ajili ya ndege. Mabuu hao wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Akiwazoea anaacha vingine vyote, na mifupa yake inadhoofika. Nimeshika kalunguyeye aliyeharibiwa hivyo, miguu ya nyuma haikuweza tena kubeba mwili.

Kuhusu watoto: usifunue. Narudia, usifunue. Siku za mwanzo baada ya kuzaa, mama akisumbuliwa anaweza kuwatelekeza watoto au hata kuwaua. Wakishakua kidogo, usumbufu ule unamfanya awahamishe mmoja mmoja kwa mdomo kwenda kiota kingine, na njiani ndiko kuna hatari. Utajua kwa masikio. Kaa mbali, usikilize jioni kabla hajatoka. Vichanga hulia kwa sauti nyembamba sana, karibu na ya ndege.

Kijana_Mchangamfu

Nimekuelewa daktari, asante kwa kunielimisha. Kisahani kitakuwa cha maji.

FundiMbao

Mimi ningependekeza amjengee kijumba cha mbao, akiweke kiota chote ndani. Mvua kubwa ikija hayo majani yatastahimili kweli?

MamaMiche

Yatastahimili, Fundi. Nimeyaona kwa macho yangu. Kiota kile kakijenga kwa vipimo vyake, na harufu yake imo mle. Nikikiinua kwenda kwenye kijumba hata chenye ufundi wa hali ya juu, kwake ni sawa na nyumba kubomolewa. Ila kijumba chako si wazo la kutupa. Ukikiweka kona nyingine, kivulini, ukaacha majani makavu karibu, anaweza kukichagua mwenyewe siku za mbele.

TabibuWaWanyama

Naunga mkono. Mlango wa kijumba usizidi sentimita 13 upana na kimo, ili mbwa na paka wakubwa wasipite. Ndani pasiwe na sakafu ya kushika maji, na mbao zisipakwe dawa yenye harufu kali.

JichoLaUsiku

Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Mama Miche, kama una simu ya zamani au kamera ya usiku, itege mbali kidogo na kiota, ielekee njia anayopita. Taa nyeupe ya tochi inamkera na kumfanya ajikunje. Mimi nilifunika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki na sikuona akijali. Kaa upande ambao upepo unakujia wewe kutoka kwake, maana macho yake ni hafifu lakini pua na masikio ni moto.

Kingine, usishangae ukiona kalunguyeye watatu wanne kwa usiku tofauti ukadhani ni mmoja. Wanatembea sana, kilomita moja hadi mbili kwa usiku si ajabu, dume hata zaidi, na hawana tabia ya kulinda eneo na kufukuzana. Bustani yako ni kituo kimoja katika safari yake.

MamaMiche

Asante JichoLaUsiku, ushauri wa tochi nyekundu umefanya kazi. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma tangu giza lilipoingia.

Kwanza zilitoka pua. Yaani niliona majani yanafunguka na pua nyeusi, yenye unyevu, ikageuka kushoto na kulia muda mrefu kabla mwili haujatokea. Alipotoka alijinyoosha, miguu ya nyuma ikabaki nyuma kabisa, nikashangaa urefu wake. Huwezi kuamini miguu ile inajificha wapi akiwa amekaa. Akaenda moja kwa moja kwenye matandazo chini ya mipapai. Anasukuma pua chini ya majani, anavuta hewa kwa kelele, anasimama, kisha ghafla anatwaa. Alipompata jongoo nilisikia ule mvunjiko kutoka kizingitini. Alitafuna mdomo wazi, kichwa kimeinamia upande.

Kabla ya kurudi alikusanya majani. Alibeba mdomoni fungu lililomzidi kichwa, akaingia nalo kinyumenyume. Daktari, kuongeza majani kunamaanisha anakaribia kuzaa?

TabibuWaWanyama

Inawezekana sana. Jike anayetaka kuzaa hufanya kiota kuwa kikubwa na kinene zaidi. Mimba yake ni ya siku 35 hivi, kwa hiyo usihesabu, subiri tu. Watoto kwa kawaida ni wanne au watano, ingawa idadi inaweza kupanda au kushuka. Baba haji, usimsubiri. Akishapanda anaendelea na safari zake, na malezi yote ni ya mama.

Mwanaharakati_wa_Ua

Jamani mimi naomba kuuliza jambo linalonisumbua. Mtaa wa pili waliona kalunguyeye anajipinda shingo, anajitemea povu jeupe mgongoni, anayumba. Watu wakasema ana kichaa cha mbwa, wakamuua kwa fimbo. Walikuwa sahihi?

TabibuWaWanyama

Imeniuma kusoma hilo.

Hapana, hicho unachokieleza ni tabia yake ya kawaida. Kalunguyeye akikutana na kitu chenye harufu ngeni au kali, kinaweza kuwa ngozi, ganda la mti, chura, hata kiatu, hukilamba na kukitafuna mpaka mate yanageuka povu. Kisha anajikunja shingo kwa namna ya kutisha, anatoa ulimi mrefu, na kulipaka lile povu kwenye miiba ya mabegani na ubavuni. Anazama kabisa katika kazi hiyo. Anaweza kupoteza mizani akaanguka na asikuone hata ukiwa umesimama karibu. Hata vitoto vilivyofumbua macho juzi hufanya. Sababu yake hasa wataalamu wanaijadili bado: wapo wanaosema ni kuficha harufu yake, wapo wanaosema ni kuongeza makali ya miiba. Lakini mnyama yule ni mzima.

Mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kupata kichaa cha mbwa, hilo silipingi, na akikuuma osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kisha uende hospitali. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni tofauti: kalunguyeye aliyelala kifudifudi juani mchana, miguu imetanuka, inzi wamemzunguka, ukimgusa hajikunji. Huyo anaomba msaada.

Niongeze hapo kuhusu kujikunja maana inaeleza mengi. Chini ya ngozi yake kuna msuli wa mviringo unaozunguka ukingo wa mgongo. Akiubana, ngozi yenye miiba inavutwa kumfunika kichwa, miguu na tumbo, sawasawa na mfuko unaofungwa kwa kamba. Kazi hiyo inahitaji nguvu. Ndiyo maana akishindwa kujikunja anapoguswa, jua nguvu zimemwishia.

Mwanaharakati_wa_Ua

Asante daktari. Nitawapelekea maneno haya mtaani, na nitaanza na wale vijana wenyewe.

MzeeWaMizinga

Mama Miche, umeuliza mwanzoni nini kinaweza kumdhuru na huoni. Watu wamejibu ya chakula, mimi nijibu hilo, maana nimeishi na wanyama hawa bustanini kwa muda mrefu.

Sumu ndiyo ya kwanza. Sumu ya panya akiila moja kwa moja inamuua, na akila mdudu aliyetembea juu ya sumu, inajikusanya mwilini kidogo kidogo. Vile vipande vya kuua konokono ni hivyo hivyo. Vyenye metaldehaidi ni hatari mno, na Uingereza walipiga marufuku kuvitumia nje tangu mwaka 2022. Unapopuliza dawa ya wadudu kwenye mboga, unamwondolea chakula na kumwachia masalia. Ukitaka kalunguyeye ubaki naye, basi bustani iwe na wadudu. Huwezi kuwa na kimoja ukakikosa kingine.

Moto ndio wa pili. Lundo la matawi na majani unalotaka kulichoma mwishoni mwa juma, kwake ni nyumba. Moto ukianza yeye hakimbii, anajikunja palepale. Kwa hiyo lundo lihamishwe sehemu nyingine siku ile ile ya kuchoma, kwa mikono, taratibu, siyo kuchoma lilipokaa wiki nzima. Bora zaidi usichome. Liache lioze, ardhi itakushukuru.

Halafu fyekeo, panga na mashine. Kabla hujafyeka chini ya ua, pita kwanza na fimbo ndefu ukifunua nyasi pole pole, uangalie. Kujikunja kunamsaidia kwa mbwa, hakumsaidii kwa chuma.

Nyavu. Wavu wa kufunika mboga au wa goli la watoto ukiachwa umelala chini, anaingiza kichwa, miiba inamzuia kurudi nyuma, anazidi kujifunga hadi anakatika mzunguko wa damu. Unyanyue sentimita 30 kutoka chini au ukunje kila jioni. Shimo lolote lenye kuta wima lifunikwe. Anaogelea vizuri, ila hawezi kuogelea usiku kucha. Kwenye bwawa au tangi lililo wazi egemeza ubao wa mteremko, tena uwe wa kukwaruza, usiwe laini.

Ukuta nao ni tatizo kama umezunguka nyumba nzima bila tundu. Yule atoke wapi aende kutafuta mume na chakula? Piga tundu chini, kimo na upana vya huo mlango wa kijumba aliousema daktari.

MamaMiche

Shikamoo Mzee. Nimesoma mara mbili. Sumu ya panya tumeiondoa ghalani leo leo, na wavu wa mchicha nimeunyanyua. Kuhusu tundu, ua wetu ni wa miti hivyo anapita, ila jirani ana ukuta. Nitazungumza naye.

MzeeWaMizinga

Marahaba mwanangu. Zungumza naye kwa upole, na umpeleke aone kwanza mnyama mwenyewe. Akishaona hatakataa.

NipoMbali

Naomba niongeze la huku nilipo, maana wanaosoma uzi huu hawaishi wote kwenye joto.

Kalunguyeye wako, Mama Miche, kwa maelezo ya tumbo jeupe, ni yule wa savana za Afrika. Tazama nyayo zake kwenye vumbi: mguu wa nyuma una vidole vinne, wakati jamaa zake wengi wana vitano. Wa Ulaya ni mkubwa zaidi, ana miiba kati ya 5,000 na 7,000, na majira ya baridi analala usingizi mzito kwa miezi. Joto la mwili linashuka kutoka nyuzi 35 hivi hadi 10 au chini ya hapo, mapigo ya moyo kutoka karibu 190 kwa dakika hadi 20 hivi. Huyo wa kwenu halali kwa ajili ya baridi ya namna hiyo, ila kiangazi kikikaza na wadudu wakipotea anaweza kutulia kiotani siku nyingi bila kutoka. Mtu asiyejua atafikiri amekufa, amzike akiwa hai. Mwache.

Huku hali yao si nzuri. Mwaka 2024 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilimpandisha kalunguyeye wa Ulaya kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Ua zimeng'olewa, barabara zimeongezeka, bustani zimekuwa nyasi fupi na saruji. Zipo pia mashine za kukata nyasi zinazojiendesha zenyewe. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulijaribu aina 18 za mashine hizo kwa kutumia kalunguyeye waliokwisha kufa, na hakuna hata moja iliyomtambua kabla ya kumgusa. Wanaozitumia wasiziwashe usiku.

Kingine cha kuwapa moyo: kalunguyeye wengi wa porini hawafiki miaka mitatu, lakini Denmark alipatikana mmoja aliyeishi miaka 16. Umri walijua kwa kuhesabu mistari kwenye mfupa wa taya. Wakiachiwa nafasi wanaweza.

Kijana_Mchangamfu

Daktari, ni kweli sumu ya nyoka haimfanyi kitu?

TabibuWaWanyama

Inamfanya, ila anaivumilia kuliko mnyama mwingine wa ukubwa wake. Mwilini ana protini inayozuia baadhi ya sumu zinazoharibu mishipa ya damu. Kinga kubwa zaidi ni miiba, nyoka anagonga na kuumia. Tusimtegemee kama mlinzi wa nyoka, kazi yake ni wadudu.

MamaMiche

Wakuu, wapo. Jioni nimesikia.

Nilikaa hatua nyingi kutoka kwenye ua, na kabla mama hajatoka zikaja sauti nyembamba, zinapishana, zikanyamaza zote kwa pamoja. Mama alitoka akiwa amechelewa kuliko kawaida yake, akanywa maji kwenye chombo muda mrefu, akatafuta chakula karibu karibu tu na akarudi mapema. Nimewaambia watoto nyumbani kwamba upande ule hakuna mpira. Wameandika tangazo wenyewe wakalibandika kwenye mlango wa nyuma.

TabibuWaWanyama

Hongereni! Basi ujue kinachoendelea mle ndani hata kama hukioni. Wamezaliwa vipofu, na miiba ilikuwa imefunikwa na ngozi iliyovimba kwa maji ili isimuumize mama wakati wa kuzaa. Saa chache baadaye uvimbe unanywea na miiba ya kwanza, myeupe na laini, inatokeza. Ya rangi inafuata. Macho yanafunguka karibu na wiki ya pili. Wiki ya tatu au ya nne utawaona wanamfuata mama kwa mstari jioni, na kati ya wiki ya nne na ya sita wanaacha kunyonya na kila mmoja anashika njia yake.

Mama anaweza kutoka mchana kwa muda mfupi kunywa maji au kupumzika mbali na watoto. Ukimwona anatembea kwa haraka na kwa lengo, mwache. Ukiona kitoto nje mchana, peke yake, hilo ni jambo jingine. Niandikie hapa mara moja.

MamaMiche

Daktari uko? Kitoto kimoja kiko nje, hatua kama mbili kutoka kiotani, juani. Macho bado yamefumba. Kinalia, inzi wametua mgongoni. Mama simwoni.

TabibuWaWanyama

Nipo. Fuata hivi.

Vaa glavu au tumia taulo, kiokote. Kiweke kwenye boksi refu lenye kitambaa. Jaza chupa maji ya moto kiasi, izungushie taulo, ilaze upande mmoja wa boksi ili kiweze kuisogelea au kuiacha. Kikishika baridi hakiwezi kumeng'enya chochote, kwa hiyo usikipe chakula na usikitilie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Kisha tazama kwa makini masikioni, kwenye macho, kwapani na sehemu ya haja. Vitu vyeupe virefu vidogo, mfano wa punje za mchele zilizosagwa, ni mayai ya inzi. Yatoe kwa brashi laini kavu au kibanio. Usikioshe kwa maji. Mayai yale yanaanguliwa ndani ya saa chache na mabuu yanaanza kula nyama hai, ndiyo maana tunakimbizana na muda. Na chupa ikipoa ibadilishe, ikipoa inamnyonya joto.

Kiota usikiguse. Wengine wakiwa kimya wameshiba, mama yupo. Wakiwa wanalia mfululizo hadi jioni, tutafikiria upya.

MamaMiche

Kimeshapata joto, kimeacha kulia. Mayai yalikuwapo nyuma ya sikio na kwenye mkunjo wa mguu, tumeyatoa yote chini ya taa kwa brashi ya rangi. Kiotani kuko kimya. Nakipeleka kwa mlezi wa wanyamapori aliye jirani na sisi.

JichoLaUsiku

Tunakuombea mama. Utujuze.

MamaMiche

Taarifa fupi. Mlezi amekipokea, akasema kimepungukiwa maji, akakidunga maji chini ya ngozi. Anakinywesha maziwa maalumu ya watoto wa mbwa kwa bomba dogo la sindano, kila baada ya saa chache, na baada ya kila mlo anakipangusa tumbo kwa pamba yenye unyevu ili kipate haja, kazi ambayo mama hufanya kwa ulimi. Alinionyesha. Anakishika kwa vidole viwili na pumzi anaizuia. Mama mwenyewe alitoka jioni ile kama kawaida, na waliobaki wanalelewa. Inaelekea kitoto kilijikokota nje kikimfuata chuchuni.

Mwanaharakati_wa_Ua

Swali la usalama kwetu sisi binadamu. Viroboto vyao vinahamia kwa watu?

TabibuWaWanyama

Viroboto wake wamezoea mwili wake, hawadumu kwa mtu wala kwa mbwa. Hofia zaidi mapunye, maana ana fangasi yake inayohamia ngozi ya mtu, na bakteria wa salmonela kwenye kinyesi. Glavu, sabuni, na watoto wasimshike. Usimpulizie dawa ya viroboto ya mbwa, nyingine zinamuua.

MamaMiche

Wamenifuata hadi karibu na kizingiti jana usiku! Mama mbele, watoto watatu nyuma, wanasukumana. Mmoja alikuta kokwa la embe, akalilamba mpaka povu likamjaa mdomo, akaanza kujipinda. Ningekuwa sikusoma maelezo ya daktari humu ningepiga kelele. Alijipaka hadi akaangukia ubavu, akainuka, akaendelea. Mama alikuwa ameshatangulia na hakumsubiri.

Jirani alikuja kuangalia, amekubali tundu. Tumelipiga asubuhi ya leo, pembe zote tumezilainisha kwa saruji. Kile kitoto cha kwa mlezi kimefumbua macho na kinakula wadudu. Kikifikisha uzito anaotaka atakileta hapa hapa tukiachie jioni, karibu na lile tundu.

Daktari, kiota sasa kimekuwa kitupu usiku wa pili mfululizo. Nikisafishe?

TabibuWaWanyama

Usikiguse bado. Jike huwa na viota zaidi ya kimoja na anaweza kurudi, na watoto nao hupitia kulala mchana. Subiri mpaka kisimame muda mrefu bila dalili. Njia rahisi ya kujua: weka kijiti chembamba mlangoni jioni, utazame asubuhi kama kimesukumwa. Na hata ukiwa na uhakika, mimi ningeacha majani yale yaoze yenyewe chini ya ua. Mwaga mengine makavu juu yake msimu ujao.

MamaMiche

Kijiti nimeweka. Nitaleta majibu kesho asubuhi.

FundiMbao

Mama Miche, kijumba nimekimaliza, mlango sentimita 13 kama alivyosema daktari, mbao hazina rangi wala dawa. Niambie siku ya kukileta, na kona gani haina jua la mchana.